Cheche Haimponyi Bata Mzinga

Kila majira ya kuchipua, katika misitu ya mashariki mwa Marekani, wapo wawindaji wanaoziacha bunduki za kisasa nyumbani na kumfuata bata mzinga mwitu kwa gumegume, bunduki inayoshindiliwa kwa mdeki na kuwashwa kwa jiwe. Lawama inayotolewa dhidi ya silaha hii imerudiwa mpaka imezoeleka: eti inachelewa. Kifyatulio kinavutwa, baruti ya kwenye kisahani inawaka, moto unapenya ndani ya mtutu, na kabla marisau hayajatoka ndege ameshaona mwanga na kwenda zake. Kwa maoni yangu lawama hii imeelekezwa pasipo pake. Anayemkosa bata mzinga kwa gumegume humkosa kwa sababu ya mwili wake mwenyewe, au umbali, au unyevu. Kuchelewa kupo, ila ni kudogo mno kubebeshwa mzigo wote huo.

Tuanze na hesabu. Mtambo wa gumegume uliotengenezwa vizuri huchukua sehemu chache tu kati ya 100 za sekunde tangu nyundo iachiwe mpaka baruti ya ndani iwake. Marisau hutoka mdomoni kwa mwendo wa mita 300 hivi kwa sekunde na kupungua kasi njiani, kwa hiyo kumfikia ndege aliye mita 20 huhitaji sehemu 7 nyingine. Jumla ni sehemu ndogo ya sekunde, na kiasi kikubwa chake ni safari ya marisau hewani, ambayo hata bunduki ya leo haiwezi kuifuta. Dume la bata mzinga, ambaye huweza kufikia kilo 9, hawezi kuuinua mwili huo kutoka ardhini katika muda mfupi hivyo. Anachoweza ni kusogeza kichwa, na kichwa na shingo ndiyo shabaha, kwa kuwa mwili umekingwa na manyoya mazito na misuli minene ya kifua. Ndiyo maana mwindaji hodari hafyatui wakati dume anatembea, kichwa kikienda mbele na kurudi kwa kila hatua. Humwigizia sauti ya jike, kwa upole, mara moja tu. Dume husimama na kunyoosha shingo atazame inakotoka. Hapo kuchelewa kwa mtambo hakubadilishi kitu.

Msomaji wa historia atanikumbusha Alexander Forsyth, mchungaji wa Belhelvie huko Uskoti, ambaye mwaka 1807 alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, mwanzo wa njia iliyozaa fataki. Inasimuliwa kwamba alikerwa na ndege wa majini waliouona mwanga wa kisahani wakapiga mbizi kabla hawajafikiwa. Sina haja ya kuipinga simulizi hiyo, lakini haimhusu bata mzinga. Ndege anayeelea majini, tena mbali zaidi, huhitaji tendo dogo tu ili apotee. Isitoshe, zama zilezile Waingereza walikuwa wakiangusha kwale angani kwa gumegume, na Joseph Manton wa London alijipatia sifa yake kwa kuunda bunduki za namna hiyo. Kama kuchelewa kungekuwa ndio ugonjwa wenyewe, nani angethubutu kupiga ndege arukaye?

Ugonjwa uko begani mwa mpigaji. Kisahani huwaka sentimita chache kutoka machoni pake, naye anajua kwamba kitawaka. Kwa hiyo hushtuka mapema, wakati kidole kinapokaza: jicho hufumba, shavu huachana na kitako, mtutu huinuka. Kwa bunduki ya kisasa marisau huwa yameshatoka kabla kosa hilo halijakomaa. Kwa gumegume yangali ndani. Dawa yake ni kuweka kipande cha mbao mahali pa jiwe na kujizoeza kufyatua bila baruti, ukiendelea kulenga hata baada ya nyundo kuanguka, mpaka mwili uzoee. Wengi hawataki kazi hii, halafu wanalaumu mtambo.

Mtambo nao unadai uangalizi. Cheche si za jiwe: jiwe lenye makali hukwangua vipande vidogo vya chuma cha pua, navyo ndivyo vinavyowaka hewani. Jiwe likiwa butu, au chuma kikiwa laini, hakuna moto wa maana. Wengi pia hujaza kisahani wakidhani baruti nyingi ni uhakika, kumbe baruti inayoziba tundu la moto hugeuka utambi na lazima iungue yote kwanza. Ikiwa kidogo, chini ya tundu, mwali wake huruka moja kwa moja hadi ndani.

Umbali ni jambo zito zaidi. Mtutu wa zamani ni bomba lililonyooka. Ule mbano wa mdomoni unaoyaweka marisau pamoja ulienea miaka ya 1870. Gramu 32 za marisau yenye kipenyo cha milimita 2.8 ni kama punje 250, lakini kwa mtutu mnyoofu hutawanyika haraka, na ukiongeza baruti ili yaende mbali hutawanyika zaidi. Kanuni ya wazee, kipimo kimoja cha baruti kwa kipimo kilekile cha marisau, bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha unachora kichwa na shingo kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi, unapiga na kuhesabu matundu. Mitutu mingi ya aina hii itakuambia uishie mita 20 au 25. Wanaosema silaha hii hujeruhi ndege na kuwaacha wateseke wana hoja nzito, nami naikubali kwa kila anayepiga nje ya umbali ambao karatasi imeuthibitisha. Ndani ya umbali huo, kwa kawaida ndege hufa papo hapo.

Unabaki unyevu. Baruti nyeusi, asilimia 75 chumvi ya shura, 15 makaa na 10 kiberiti, huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kama masizi na moshi wa chembe ngumu, na masizi hayo hunyonya maji. Asubuhi ya umande kisahani hulowa kimyakimya. Mwindaji makini huufunika mtambo kwa ngozi iliyopakwa mafuta na kubadilisha baruti ya kisahani mara kwa mara. Jeshi la Uingereza lilipojaribu gumegume na bunduki ya fataki huko Woolwich mwaka 1834, kila moja mara 6,000, gumegume ilikataa kuwaka mara 922, ya fataki mara 36. Kilichohesabiwa pale ni kukataa, wala si kuchelewa. Siku ya mvua, mwenye gumegume hana jibu kwa hesabu hiyo.