Goitom: Namba Tisa Aliyezitazama Nyuso za Wenzake

Katika besiboli, mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji huku wenzake wote wanane wakiwa mbele yake, wanamtazama. Yeye ndiye anayemwashiria mrushaji mpira wa aina gani arushe. Si ajabu Joe Torre na Bruce Bochy, waliowahi kudaka, kila mmoja alitwaa mataji manne ya World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, akiwa kocha.

Kwenye soka mtu angemtaja kipa, lakini kipa huona migongo. Anayeziona nyuso ni namba tisa anayelipa mgongo goli la wapinzani, na kazi hiyo Henok Goitom, mtoto wa familia ya Kieritrea aliyekulia Husby, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, aliifanya kwa ustadi mkubwa.

Hakutegemea mbio. Alimweka beki mgongoni, akatuliza mpira kwa kifua au mguu, kisha akasubiri. Kusubiri huko ndiko kugumu: lazima ujue kiungo yupi anapanda, anapenda kupokea kwa mguu upi, na winga yupi ameishiwa pumzi. Ukiachia pasi mapema, hakuna wa kuipokea; ukichelewa, umenyang'anywa. Alitoka Vasalund akaenda Udinese, akacheza Murcia, Valladolid na Almería, na mwaka 2012 akatua AIK, klabu ya Stockholm. Oktoba 2015 aliichezea Eritrea dhidi ya Botswana kuwania kufuzu Kombe la Dunia.

Msimu wa 2018 ndio unaoeleza zaidi. AIK ya kocha Rikard Norling ilicheza na mabeki watatu wa kati, ikafungwa mabao 16 tu katika mechi 30, ikawa bingwa wa Sweden kwa pointi mbili mbele ya Norrköping. Sifa nyingi zilikwenda kwa mabeki, na walizistahili. Lakini ngome ya namna hiyo haipumui kama mpira unaookolewa unarudi papo hapo. Lazima pawepo mtu mbele wa kuukamata na kuukalia hadi timu ipande. Goitom, aliyetimiza miaka 34 msimu huo, alikuwa mtu huyo.

Alistaafu 2021 na kuhamia benchi la ufundi. Katikati ya 2023 alikabidhiwa AIK, iliyokuwa imezama chini ya jedwali. Akainusuru, ikamaliza ya 11 kati ya 16. Katikati ya 2024 akafukuzwa.

Jicho lake halikuwa limepofuka. Uwanjani alirekebisha kosa hapo hapo, kwa sauti au kwa kuusogeza mwili wake hatua mbili. Kocha hana mwili wa kusogeza; hulirekebisha kosa mazoezini, siku kadhaa kabla halijatokea. Ufundi huo hujengwa kwa misimu, na AIK, klabu isiyovumilia nafasi ya 11, haikuwa mahali pa kuanzia. Ilimpa usukani mapema, ikamnyang'anya mapema zaidi.