Wasomaji wa Kwanza

Kitabu kilichochapwa nakala 300 kwa pesa za mwandishi mwenyewe hakina tangazo wala rafu katika duka kubwa. Hupandishwa matatu ndani ya bahasha ya kaki hadi kwa mhakiki wa Kitengela au Kajiado mjini, ambaye mchana ana kazi nyingine. (Uhakiki haulipi kodi ya nyumba.)

Anakisoma mara mbili, penseli mkononi. Anakifungua wazi kabisa aone kama gundi itashika au kurasa zitamwagika. Ndiye anayegundua kuwa marehemu aliyezikwa katika sura ya 4 anakunywa chai katika sura ya 9. Basi la kutoka Nairobi likipita Isinya kabla ya Kitengela, anajua mwandishi hajawahi kushika barabara ya Namanga. Neno la Kimaasai likimtia shaka, humuuliza mzee wa jirani badala ya kukisia.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuandika. Mwandishi ni mtu atakayekutana naye sokoni Jumamosi. Kumsifu ovyo ni rahisi, na kumponda ni rahisi zaidi. Mhakiki mwenye adabu ya kazi huonyesha aya iliyofaulu, hutaja ukurasa uliolegea, kisha husema kitabu kinapatikana wapi na kwa shilingi ngapi, jambo ambalo maprofesa wetu hulisahau sana.

Toleo la pili likitoka bila makosa yale, jina la mhakiki mara nyingi halimo hata kwenye shukrani.