Fumbo na Haki katika Sauti ya Dhiki

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akiikosoa serikali ya KANU kwa namna ilivyokuwa ikiuzima upinzani. Waraka ule ulinena wazi, bila ya kificho. Mahakama ikamtia hatiani kwa uchochezi, naye akatumikia kifungo cha miaka 3, tangu 1969 hadi 1972. Humo gerezani alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Aghalabu diwani hii husifiwa kwa mafumbo yake. "Mamba" humtaja mnyama, "Jipu" hutaja uvimbe, "Mnazi" hutaja mti unaogombewa na ndugu wawili. Msomaji huachiwa kuambua ganda mwenyewe. Sifa hiyo ni ya haki, lakini huelekea kulifunika swali la msingi: fumbo hilo lilikuwa la nini? Mfungwa hakuwa na sheria ya kumlinda anenapo, hivyo fumbo likawa ngao yake. Nayo ni ngao dhaifu, kwani wahenga walikwisha kusema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu hulijua. Na watawala si wajinga.

Ndiyo maana uzito wa diwani hauko katika mafumbo peke yake. "Siwati", yaani siachi, inaiweka ngao hiyo chini. Humo mtunzi anatamka kwamba hatauacha msimamo wake, ijapokuwa mateso yamemzunguka. Anayeisoma "Mamba" hustaajabia ustadi. Anayeisoma "Siwati" huitambua gharama ya kusema.

Mwaka 1974 diwani hii ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Tuzo iliuenzi ufundi, haikuirejesha haki. Kosa la uchochezi lilibaki katika sheria za Kenya hadi lilipofutwa mwaka 1997, na Katiba ya 2010 ikauandika uhuru wa kujieleza katika ibara ya 33.

Hapo ndipo funzo la diwani lilipo. Fumbo humkinga mtu kwa werevu wake. Haki humkinga hata asiyejaliwa werevu huo. Nchi inayomlazimu kila mkosoaji awe mshairi ndipo asalimike, imekwisha kuwanyamazisha wale wasiojua kutunga, nao ndio wengi.