Hongera kwa Wazee wa Kōhanga Reo
Yawapasa shukurani na taadhima wale mabibi na mababu wa Kimaori wa Nyuzilandi ambao, ijapokuwa wengi wao walichapwa shuleni utotoni kwa kunena lugha ya wazazi wao, hawakukubali urithi huo ufe, bali mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, kilipofunguliwa kituo cha kwanza cha Kōhanga Reo, yaani “kiota cha lugha” cha kulea watoto, walikaa na watoto wadogo wakawalea, wakawaimbia na kuwafunza adabu kwa Kimaori kitupu. Fadhila yao kubwa, kwa rai yangu, ni kutambua kwamba lugha hurithiwa mapajani kabla ya ubaoni. Watoto walipokua, zikaanzishwa shule za Kimaori kuwapokea. Na mwaka 1987 sheria ikakifanya Kimaori kuwa lugha rasmi.