Kuwaamsha Walio Macho: Umbo la Suprabhatam katika Alfajiri ya Chennai

Ukitembea Chennai, kusini mwa India, kabla jua halijachomoza, utaisikia Suprabhatam hata kama hukuitafuta. Inatoka kwenye kibanda cha chai, kwenye duka la vifaa vya ibada lililofungua mlango nusu, kwenye dirisha la jiko la ghorofa ya pili. Ni shairi la Kisanskriti la kumtakia alfajiri njema mungu Venkateswara, umbo la Vishnu, ambaye hekalu lake liko juu ya milima ya Tirumala, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka jijini. Wengi wanaolisikia kila siku hawakijui Kisanskriti. Wanalijua kwa sikio: linapoanzia, linapopanda, linapotua. Ndiyo maana inafaa kulihakiki kwa umbo kwanza na maudhui baadaye, kwa kuwa hata jiji linalipokea hivyo.

Hoja yangu ni hii. Shairi linajitambulisha kuwa la kumwamsha aliyelala, lakini karibu kila anayetajwa ndani yake amekwisha kuamka na yuko kazini. Amri ya kuamka imewekwa mlangoni mwa shairi, ikaachwa hapo. Yanayofuata ni taarifa: nani amefika, kaleta nini, anangoja wapi. Nguvu yote ya kuamsha imo katika taarifa hizo, na mtunzi amelijenga umbo lake kwa ajili ya taarifa hizo.

Mtunzi huyo anajulikana kwa jina la Prativadi Bhayankaram Annan, mtu wa Kanchipuram, mwanafunzi wa mwalimu mkuu wa Wavaishnava (waabudu wa Vishnu) wa kusini, Manavala Mamuni. Ni kazi ya karne ya 15. Nzima ina sehemu nne: Suprabhatam yenyewe yenye beti 29, kisha beti 11 za sifa, 16 za kujikabidhi kwa mungu, na 14 za kumwombea heri. Hapa nashughulika na zile 29 tu, ambazo ndizo zilizoingia mtaani. Mlimani huimbwa mbele ya milango ya hekalu saa za usiku wa manane kuelekea alfajiri. Mijini zilienea hasa baada ya mwaka 1963, mwimbaji M.S. Subbulakshmi alipozirekodi pamoja na binti yake wa kambo, Radha Viswanathan.

Ubeti wa kwanza si wa Annan. Ameuchukua mzimamzima kutoka Ramayana ya Valmiki. Pale, mzee Vishvamitra anasafiri na vijana wawili wa kifalme, Rama na Lakshmana, wakalinde kafara lake dhidi ya mashetani. Wamelala kwenye majani kando ya mto Sarayu. Kunakaribia kupambazuka, na mwalimu anamwita Rama kwa jina la mama yake, anamwambia asubuhi inaingia na kazi za siku zinamngoja. Kwa kuuweka ubeti huo mbele, Annan anampa mungu wa mlimani umri wa kijana aliye safarini, na kumpa kila anayeimba nafasi ya mwalimu. Ni ujasiri mkubwa, lakini hakuna anayeweza kumlaumu, kwa sababu maneno ni ya Valmiki.

Ubeti wa pili ni wa kwake, lakini anafuata bahari ileile ya Valmiki: vipande vinne vya silabi nane nane. Humo neno la kuamrisha kuamka linarudiwa mara nne, kama mtu anayegonga mlango. Halafu ghafla bahari inabadilika. Kuanzia ubeti wa tatu, isipokuwa wa nne, kila mshororo una silabi 14, katika bahari inayoitwa vasantatilaka, na amri ile haigongi tena.

Msomaji aliyezoea mashairi ya Kiswahili atataka kujua silabi hizo 14 zimegawanywa vipi. Sisi tunahesabu mizani bila kuipima uzito: silabi ni silabi, na urari unaletwa na vina vya kati na vya mwisho. Kisanskriti kinapima. Silabi yenye irabu ndefu, au inayofuatwa na konsonanti mbili, ni nzito. Nyingine ni nyepesi. Katika vasantatilaka mpangilio hauhami: nzito mbili, nyepesi, nzito, nyepesi tatu mfululizo, nzito, nyepesi mbili, nzito, nyepesi, nzito mbili. Ukijumlisha utapata nzito saba na nyepesi saba. Mshororo unaanza kwa kukanyaga chini mara mbili, unakimbia katikati, kisha unakanyaga tena mara mbili na kusimama. Pigo limo ndani ya maneno yenyewe, na anayeimba hahitaji ngoma ili asipotee. Vina vya lazima havipo. Badala yake kuna kimalizio, na hapo ndipo sikio la mtaani linaposhika.

Kimalizio cha Suprabhatam kina ujanja wake. Beti za tatu na nne haziendi kwa mungu. Zinamgeukia mkewe Lakshmi na kumpa yeye salamu kwanza, kama mgeni mwenye adabu anayejua nani hasa mwenye nyumba. Kuanzia ubeti wa 5 hadi wa 12 salamu inamwendea bwana wa kilele cha Seshadri; kuanzia wa 13 anaitwa bwana wa mlima Venkata. Jina linabadilika, lakini maneno ya kumtakia alfajiri njema yanabaki mwishoni, kwenye zile silabi nzito mbili. Mishororo mitatu inaleta habari, wa nne unatua. Kwa sababu kutua kunajulikana mapema, mishororo ile mitatu inaruhusiwa kubeba chochote.

Na inabeba mengi. Ubeti wa 5: Atri na wenzake, wale wahenga saba, wamekwisha kufanya ibada ya mapambazuko na wamefika na mayungiyungi waliyoyachuma katika mto wa mbinguni. Ubeti wa 6: Shiva, Brahma na Indra wanaimba sifa, huku Brihaspati, mwalimu wa miungu, akisoma kalenda ya siku, kwamba nyota gani iko wapi na saa ipi ni njema. Wa 8: kasuku wamefumbua macho vizimbani, wamekula mabaki ya ndizi na wali wa maziwa, na sasa wanaimba. Wa 11: wanawake wa wafugaji wanasukasuka mtindi, na sauti ya mitungi imejaa pande zote. Hakuna hata mmoja anayemwambia mungu aamke. Kila mmoja anafanya lake, kelele zinazidi, na aliyelala anabaki peke yake.

Habari ya Brihaspati inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu si pambo tu. Katika hekalu la Tirumala, baada ya ibada za alfajiri, mungu husomewa kalenda ya siku, kisha hutajiwa mapato ya sadaka ya jana. Mwenye mali anaamka, anaambiwa leo ni siku gani na jana duka limeingiza kiasi gani. Mshororo mmoja wa ubeti wa 6 umeshika nusu ya utaratibu huo, na kwa wenye maduka wa Chennai, wanaofungua hesabu kwa dua, hakuna cha kufafanua hapo.

Ubeti wa 14 ndio ninaoupenda kuliko yote. Brahma, Shiva na wenzao wamekwisha kuoga katika ziwa takatifu la hekalu na wamesimama mlangoni, na wakiwa hapo vichwa vyao vinapigwa bakora na mabawabu. Mtunzi anasema hivyo waziwazi, kwa bahari ileile ya heshima, na anatua kwenye kimalizio kama kawaida. Yeyote aliyewahi kusukumwa katika foleni ya hekalu kubwa la kusini mwa India anamjua bawabu huyo. Kichekesho kimetokana na umbo: kwa kuwa mizani haikutetereka, bakora imepewa uzito uleule wa yungiyungi. Miungu wakuu wamekuwa umati, na umati una utaratibu wake.

Sasa tutazame muda unavyokwenda ndani ya shairi. Hakuna saa inayotajwa. Kuna ua. Katika ubeti wa 7 upepo unaleta harufu ya mayungiyungi yaliyofunguka kidogo tu, pamoja na ya minazi na mipopoo. Katika wa 10 nyuki wanatoka ndani ya mayungiyungi, maana yake petali zimeachia njia. Katika wa 26 jua limechomoza, mayungiyungi yamechanua, na ndege wamejaza anga kwa sauti. Beti ishirini ndizo zinazolifungua ua moja. Anayesikiliza akiwa na shughuli hatagundua, lakini mwishoni atahisi kumekucha, na hatakosea.

Chennai nayo ina ua linaloonyesha saa. Soko la jumla la Koyambedu, lililofunguliwa mwaka 1996 biashara ilipohamishwa kutoka Kothawal Chavadi katika mji mkongwe, hupokea malori usiku kucha. Katika sehemu ya maua, asumini hufika zingali zimefumba, na hivyo ndivyo zinavyotakiwa: iliyofunguka alfajiri itakuwa imenyauka jioni. Zinapelekwa kando ya mahekalu, Mylapore na Triplicane, ambako wanawake wameketi chini wakizifunga kwa uzi, mbili mbili. Huuzwa kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, na kipimo ni mkono wa muuzaji. Huko Mylapore hekalu kubwa, Kapaleeshwarar, ni la Shiva. Shairi la mungu mwingine, wa mlima mwingine, linasikika katika mitaa yake bila mtu kuona ajabu, labda kwa sababu katika ubeti wa 6 Shiva mwenyewe yumo miongoni mwa waimbaji.

Je, shairi lina udhaifu? Linao, kuanzia ubeti wa 21 hadi wa 24. Hapo taarifa zinakoma na nafasi yake inachukuliwa na orodha: majina ya sifa yanapangwa moja baada ya jingine, kisha inakuja orodha ya maumbo ambayo Vishnu alishuka nayo duniani, samaki, kobe, nguruwe na nyinginezo. Ukisoma kimya utachoka. Tofauti inaonekana ukilinganisha na ubeti wa 20, uliotangulia tu, ambapo wanadamu walio njiani kwenda mbinguni wanaviona vilele vya mnara wa hekalu na wanabadili nia, wanataka kubaki duniani. Huo una tukio, una mwendo, una macho. Orodha haina. Hata hivyo shairi hili halikutungwa lisomwe kimya. Anayelisikia akichota maji, akichora kolamu ya unga wa mchele mbele ya mlango au akichemsha maziwa anaweza kuzikosa beti hizo nne, akarudi ubeti wa 25, na asiwe amepoteza uzi. Wimbo wa watu walio kazini unahitaji mahali pa kupumzisha sikio. Nakubali kuwa ni utetezi wa matumizi zaidi kuliko wa ufundi.

Ubeti huo wa 25 unarudisha harufu na mikono: wasomi wa Veda wamesimama na mitungi ya dhahabu yenye maji yaliyotiwa iliki, karafuu na kafuri. Foleni imekamilika.

Ili kuona kwamba Annan alichagua umbo hili na hakulazimishwa na mada, linganisha na Tiruppavai ya Andal, shairi la Kitamil la beti 30, la karne nyingi kabla yake. Kila mwaka katika mwezi wa Margazhi, kati ya Desemba na Januari, Suprabhatam huwekwa kando hata Tirumala kwenyewe, na Tiruppavai ikashika zamu. Hilo nalo ni shairi la kuamsha. Humo pia mna ndege wanaolia na mtindi unaosukwa. Lakini Andal anapita mlango kwa mlango: wasichana wanawaamsha wenzao kumi, kisha wanamfikia bawabu, wazazi, na Krishna mwishoni. Walioko ndani wanajibu, wanabisha, wanasingizia. Lile ni shairi la kijiji chenye majina na visingizio. Hili la Annan ni la uwanja mbele ya lango kubwa, ambako kila mtu amefika na hakuna anayejibiwa. Andal anapanda ngazi. Annan anapanga foleni.

Ubeti wa mwisho, wa 29, unamwacha mungu na kuwageukia wanadamu wanaosoma beti hizi kila siku, ukiwaahidi busara ya kumfikia. Mungu kuamka hakusimuliwi popote. Na inafaa, kwani wahusika halisi wa shairi ni wale walioamka.

Hapo ndipo nina lalamiko moja. Katika umati wote wa Annan, ni wale wanawake wa mtindi na mabawabu wenye bakora tu walio watu wa kazi ya mikono. Mayungiyungi yanaletwa na wahenga, maji na wasomi. Mchumaji, mfungaji wa mashada na mchukuzi hawamo, ingawa umbo la fulani amefika na kitu fulani lingewapokea bila kuongeza hata silabi moja. Leo shairi linawafikia Koyambedu na Mylapore kwa spika, na ni rahisi kusema kwamba limewaingiza. Hapana. Sifa hiyo ni ya jiji na ya rekodi ya 1963. Sifa ya Annan ni kutunga beti zinazoweza kuendelea baada yake, na mshairi yeyote anayejua kuhesabu hadi 14 anaweza kuongeza waliosahauliwa.