Antena Ikikunjwa, Gundi Hulegea

RWASAT-1, setilaiti ya kwanza ya Rwanda, iliondoka Tanegashima, Japani, Septemba 2019. Ilitolewa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 20 Novemba. Setilaiti ndogo zinazopitia njia hiyo hufungwa antena zikiwa zimekunjwa, na haziruhusiwi kuzifungua kabla ya dakika 30 tangu zitoke. Wahandisi wa Kigali, walioijenga pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo, walifanya kazi chini ya sharti hilo.

Kwa antena ya chuma, kungoja karibu miezi miwili si taabu. Ya kompositi, yaani nyuzi za kioo au kaboni zilizoshikwa na epoksi, ina shida yake: nyuzi hubaki imara, lakini gundi hulegea taratibu, na joto huiharakisha. Ndiyo maana vipande hukunjwa na kuwekwa kwenye joto linalozidi lile la ghalani, ili ulegevu wa miezi uonekane kwa wiki chache. Kisha hupimwa vimebakiwa na nguvu gani ya kujinyoosha.

Jaribio la pili ni la utupu. Epoksi hunyonya unyevu, na masika ya Kigali hayana uhaba wake. Angani maji hayo hutoka, kipande kikanywea. Mvuke mwingine wa gundi waweza kuganda kwenye lenzi, na RWASAT-1 ilibeba kamera. Kipimo cha ASTM E595 huweka kipande kwenye nyuzijoto 125 za Selsiasi kwa saa 24 ndani ya utupu. Kwa kawaida hukubaliwa kisipopoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito, na kinachoganda kisipozidi asilimia 0.1.

Kisha huja joto na baridi. Katika kimo cha kilomita 400, mzunguko mmoja, wenye jua kisha kivuli, huchukua dakika 90 hivi. Kaboni ikipashwa hufupika kidogo kwa urefu wake, ilhali epoksi hutanuka. Mvutano huo hurudiwa maelfu ya mara kwa mwaka na kuzaa nyufa ndogo. Kwa hiyo masafa ya antena hupimwa kabla na baada ya kupashwa na kupozwa mara nyingi.

Chumba kikubwa cha utupu ni ghali, na setilaiti nzima yaweza kupelekwa ng'ambo kupimwa. Lakini vipande vya gundi na nyuzi vyahitaji tu tanuri, mizani nyeti, pampu ya utupu na mtu mvumilivu. Maabara ya Kigali ianzie hapo: kasoro ya gundi ikigunduliwa Tokyo, setilaiti imeshaundwa.