Kipimo cha Hasara katika Rufani za Mikataba ya Ujenzi

Katika mashauri mengi ya ujenzi yanayofika ngazi ya rufani, kuvunjwa kwa mkataba huwa hakubishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni kipimo cha hasara, yaani kanuni ya kukadiria fidia ambayo mkandarasi atamlipa mwajiri wake kwa kazi isiyolingana na makubaliano. Vipimo vikuu ni viwili: gharama ya kuirekebisha kazi hadi ifanane na mkataba, na pungufu la thamani, yaani tofauti kati ya thamani ya jengo kama lilivyoahidiwa na thamani yake kama lilivyo. Namna mahakama zinavyochagua kati ya vipimo hivyo huonekana wazi katika shauri la Ruxley Electronics, lililopitia ngazi tatu nchini Uingereza na kuhitimishwa mwaka 1995.

Katika shauri hilo, mwenye nyumba aliagiza bwawa la kuogelea ambalo kina chake kikubwa kingefikia futi 7 na inchi 6, kwa bei ya pauni 17,797.40. Lilipokamilika, kina hicho kilikuwa futi 6 na inchi 9, na pale mpiga mbizi anapoingilia majini kilikuwa futi 6 tu. Wakandarasi walifungua shauri kudai salio lao, naye akawasilisha madai kinzani, yaani madai ya mdaiwa dhidi ya mdai ndani ya shauri lilelile.

Jaji aliyesikiliza ushahidi alifikia matokeo manne ambayo ndiyo yaliyobeba uzito wote wa rufani zilizofuata: kwamba bwawa lilikuwa salama kwa kupigia mbizi, kwamba upungufu wa kina haukuishusha thamani ya mali, kwamba njia pekee ya kurekebisha ilikuwa kulijenga upya kwa pauni 21,560, na kwamba mwenye nyumba hakuwa na nia ya kulijenga upya. Kwa kuwa gharama hiyo ilizidi mno faida ambayo ingepatikana, jaji aliikataa, akampa pauni 2,500 kwa kukosa starehe aliyoitarajia.

Mahakama ya Rufani, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilitengua uamuzi huo na kumpa pauni 21,560 zote, kwa hoja kwamba mteja ana haki ya kupata alichokiagiza, na kwamba palipokosekana njia nafuu ya kumpatia, gharama ya kujenga upya ndiyo hasara yake. Baraza la Malodi, lililokuwa wakati ule mahakama ya juu kabisa, lilirudisha uamuzi wa jaji wa kwanza bila kugusa matokeo yake ya ushahidi, kwa sababu kosa lililoonekana lilikuwa la kisheria: fidia hulipwa kwa hasara iliyopatikana kweli, na busara ya gharama ni sehemu ya kuipima hasara yenyewe. Lord Jauncey alitoa mfano wa nyumba ambayo safu moja ya matofali ilipaswa kuwa ya buluu, mjenzi akaweka ya njano; kubomoa nyumba nzima kwa ajili ya rangi hiyo hakuwezi kuwa kipimo cha haki. Hata hivyo, mtu aliyeagiza jengo la pambo lisilo na faida yoyote bustanini, nalo likaporomoka, anastahili gharama ya kulijenga tena, kwa kuwa lengo la mkataba limeanguka lote. Nia ya kujenga upya ilihesabiwa kuwa ushahidi wa busara hiyo, na ahadi ya mwenye nyumba kwamba fedha angezitumia kwenye bwawa haikusaidia, kwa sababu ahadi haiwezi kuumba hasara ambayo haipo. Pauni 2,500 zilibaki, na Lord Mustill alieleza kuwa sheria lazima itambue thamani ambayo mteja huipata binafsi hata pale soko lisipoiona.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini inaweza kuzishawishi. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaelekeza kwenye kanuni za mikataba zilizotokana na hukumu za Uingereza, ilhali kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinachofuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, kinataka ukadiriaji wa hasara uzingatie njia zilizokuwapo za kuondoa usumbufu uliosababishwa na kutotekelezwa kwa mkataba. Aidha, mwaka 1968 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kuwa mahakama inayosikiliza rufani ya kwanza inapaswa kuupima ushahidi upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Rufani ya pili kwa kawaida hujikita katika hoja za sheria.

Kwa hiyo rufani ya ujenzi hushindwa au kushinda kwa yale yaliyothibitishwa mahakamani mwanzoni. Mwajiri ambaye kina, rangi au aina fulani ya kifaa ni muhimu kwake anapaswa kuandika sababu hiyo ndani ya mkataba, na mgogoro ukizuka, alete ushahidi wa makadirio na wa nia yake ya kurekebisha mbele ya jaji wa kwanza, kwa kuwa ngazi za juu haziwezi kuujaza upungufu huo kwa ahadi.